Nani Ashikaye Kifutio?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo twauhusisha zaidi na duka na fedha, lakini kuna mali nyingine ambayo nayo hupotea vivyo hivyo: majina ya mahali petu, kazi za watu wetu na habari za mambo waliyoyatenda. Zamani daftari la mali hiyo lilikuwa vichwani mwa wazee. Baadaye likahamia vitabuni na magazetini. Siku hizi mtoto wa Boko, wa Mbagala au wa Tandika akipewa kazi na mwalimu wake, huazima simu ya mzazi na kuuliza humo. Mara nyingi jibu analolipata latoka katika Wikipedia, yaani ile kamusi elezo ya intaneti, au ensaiklopedia kama wengine waiitavyo.

Basi Jumapili hii tujiulize: ni nani anayeamua kipi kibaki katika daftari hilo na kipi kifutwe? Tusidhani kuwa hilo ni jambo la mafundi wa kompyuta peke yao. Lamhusu mvuvi, mfanyakazi wa kiwandani na mama mwenye genge, maana jambo lisiloandikwa leo, wajukuu wao wataambiwa kesho kwamba halikuwapo.

Daftari lisilo na karani

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger wa Marekani. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Ya Kiingereza sasa ina makala zaidi ya milioni 6, na ya Kiswahili imekwisha kupita makala 70,000. Ajabu yake ni kwamba hakuna karani anayelipwa mshahara kwa kuziandika. Waandishi ni watu wa kujitolea: walimu, wanafunzi, wastaafu, mapadre, mafundi, wakristo na waislamu. Yeyote aweza kuanzisha makala, na yeyote aweza kupendekeza ifutwe. Ila kitendo chenyewe cha kufuta kimeachiwa wachache ambao wenzao wamewaamini. Katika Wikipedia ya Kiswahili watu hao huitwa wakabidhi.

Njia tatu za kufuta

Njia ya kwanza ni ya mkato. Ikiwa makala ni upuuzi, ni matusi, ni tangazo tupu la biashara, au imenakiliwa neno kwa neno kutoka kitabu cha mtu bila ruhusa, mkabidhi huifuta papo hapo.

Njia ya pili ni ya ilani. Mtu huandika juu ya makala kwamba anaiona ina kasoro na kueleza kasoro yenyewe. Katika Wikipedia ya Kiingereza, zikipita siku 7 bila mtu kupinga, makala hufutwa. Akitokea mmoja tu wa kupinga, njia hiyo hufungwa.

Njia ya tatu ni ya baraza. Makala huwekwa mbele ya wote, na kwa muda wa siku 7 au zaidi kila apendaye hutoa hoja. Mwishowe mkabidhi ambaye hakushiriki katika mjadala huzisoma hoja na kutoa uamuzi. Hapo, ndugu msomaji, zingatia jambo moja: mkabidhi hahesabu mikono. Watu kumi wakisema tu kwamba wanaipenda makala, na wawili wakaonyesha kwa ushahidi kwamba yasemwayo humo hayana chanzo, hoja ya hao wawili yaweza kushinda. Makala huweza kubakizwa, kufutwa, au kuunganishwa na nyingine iliyo kubwa zaidi. Baraza lisipoafikiana, kwa kawaida makala hubaki. Na aliyeshindwa aweza kukata rufani, kwani makala iliyofutwa haichomwi moto. Wakabidhi bado waweza kuiona na kuirudisha.

Kipimo chenyewe

Kipimo kinachotumika hapo huitwa umaarufu. Neno hilo lina mtego. Halina maana ya kujulikana sana mtaani wala ya kupigiwa makofi. Maana yake ni kwamba watu wasiohusika na jambo hilo wamekwisha kuliandika kwa kirefu kidogo, mahali panapoaminika: katika kitabu, gazeti, jarida la chuo au taarifa ya utafiti. Ule usemi wetu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, haupokelewi huko hata kidogo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kijana wa Boko ameketi usiku mmoja akaandika makala tatu. Ya kwanza yahusu Boko yenyewe, katika kata ya Bunju, wilaya ya Kinondoni, kandokando ya barabara ya Bagamoyo. Ya pili yahusu duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake. Ya tatu yahusu mzee mmoja aliyeongoza kikundi cha ngoma kwa miaka arobaini, ambaye nyimbo zake huimbwa harusini kutoka Bunju hadi Tegeta.

Makala ya kwanza ina nafasi nzuri. Mahali panapokaliwa na watu na kutambuliwa kisheria kwa kawaida huheshimiwa, na kata nyingi za Tanzania zimekwisha kupata makala zake katika Wikipedia ya Kiswahili. Kama ni fupi mno itaitwa mbegu, yaani kitu kinachosubiri kumwagiliwa. Yamkini baraza litasema Boko iwe aya ndani ya makala ya Bunju mpaka habari zitakapotosha. Wenyeji wa Boko huenda wasipendezwe, lakini habari yenyewe haipotei. Tena makala hiyo ina manufaa, kwa kuwa kuna Boko nyingine Kongo-Brazzaville katika mkoa wa Pool, na nyingine India katika jimbo la Assam. Asiyeandika lake atakuta jina lake limekaliwa na wenzake.

Makala ya pili itafutwa, na ni haki ifutwe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjomba akitaka wateja, na aweke bango barabarani. Kamusi elezo si mahali pa kutangazia mabati na misumari.

Ya tatu ndiyo yenye uchungu. Mzee huyo kweli alikuwapo, na nyimbo zake kweli huimbwa. Lakini mkabidhi akiuliza ni gazeti gani lilimwandika, ni kitabu gani kilichomtaja, kijana atakosa la kujibu. Makala itafutwa. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyemwonea mwenzake. Hata hivyo jina la mzee limetoka katika daftari.

Aliye mbali haoni

Mambo haya yamekwisha kutokea kwa jirani zetu. Mwezi Machi 2010 kikundi cha muziki cha Nairobi kiitwacho Just a Band kilitoa video ya wimbo wao “Ha-He”, ambayo shujaa wake aliitwa Makmende. Vijana wa Nairobi walikuwa wamelijua jina hilo tangu zamani; walikuwa wakimtania nalo mtu anayejifanya jabali. Kwa siku chache Kenya nzima ilijaa utani wa Makmende. Wapenzi wake walipomwandikia makala katika Wikipedia ya Kiingereza, ilifutwa. Ikaandikwa tena, ikafutwa tena. Wahariri waliokuwa mbali hawakuona lolote zaidi ya porojo. Baadaye vyombo vya habari vya Marekani vilipoandika juu ya kichekesho hicho, makala ilibaki, na leo iko. Sauti za Wakenya maelfu hazikutosha mpaka mgeni aliposema naye ameona.

Wala tusifikiri kwamba ni Waafrika peke yao waliopatwa na hali hii. Mwezi Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwa sababu ushahidi ulioambatanishwa haukutosheleza. Mwezi Oktoba mwaka huohuo mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na makala yake ikaandikwa haraka haraka. Kipimo kile kilimpima yeye kwa kiasi ambacho wengine walikuwa wamemwandika, na wanawake, kama watu wa nchi maskini, wameandikwa kidogo.

Je, kipimo kivunjwe?

Wako wasemao kwamba, maadamu kipimo kinatudhulumu, basi kiondolewe, na neno la mzee lipokewe kama kitabu. Jambo hili limepata kujaribiwa. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India aliongoza mradi huko India na Afrika Kusini, ambamo watu walirekodiwa wakieleza michezo na mila zao, kisha sauti hizo zikatumiwa kuwa ushahidi wa makala. Mradi huo ulizua mabishano makubwa. Waliopinga waliuliza: nani atathibitisha kwamba msemaji asema kweli? Waliounga mkono waliuliza: na nani aliyethibitisha kwamba mwenye kalamu alisema kweli?

Kwa maoni ya safu hii, pande zote mbili zina haki, lakini ushahidi usiachwe. Fikiri, ndugu msomaji, kama kila mtu angeruhusiwa kuandika lolote bila chanzo. Leo mtu angeandika kwamba majani fulani yanaponya kisukari, na mama mmoja Temeke angeacha dawa za hospitali. Kesho mwingine angemzulia jirani yake wizi, na habari ikasomwa dunia nzima. Kifutio hicho hicho kinachomwondoa mzee wetu wa ngoma ndicho kinachotukinga na matapeli. Dawa ya dhuluma hii ni sisi kuongeza ushahidi wetu, na kuongeza watu wetu katika baraza. Asiyekuwapo na lake halipo.

Hapa ndipo penye upungufu wetu. Kiswahili kinazungumzwa na mamilioni ya watu, lakini wanaoilinda kamusi elezo yake siku kwa siku ni wachache sana. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google iliandaa mashindano ya kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania. Makala nyingi ziliandikwa, lakini zawadi zilipokwisha kutolewa, washiriki wengi hawakuendelea. Shamba halilimwi kwa zawadi ya siku moja.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tuhifadhi karatasi. Wengi hudhani kwamba ushahidi lazima uwe katika intaneti. Sivyo. Gazeti la mwaka 1975 lililochapishwa kwa wino ni ushahidi halali, mradi utaje jina la gazeti, tarehe yake na ukurasa. Kwa hiyo kabla ya kufungia vitumbua magazeti ya babu, yasome. Na usipoyapata nyumbani, Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinahifadhi magazeti ya zamani.

Pili, tuwaandike wazee wangali hai. Mwanafunzi akae na bibi yake, aulize mtaa ulikuwaje kabla ya nyumba kujaa, nani walikuwa wavuvi hodari, nyimbo zipi ziliimbwa. Kisha habari hizo zipelekwe gazetini, katika jarida la shule, au kwa mwalimu wa chuo afanyaye utafiti. Zikichapishwa na mtu asiye wa ukoo, akazichunguza kwanza, ndipo zinapopata miguu ya kusimamia katika baraza.

Tatu, mwenye kuandika asijiandike mwenyewe, wala duka lake, wala mgombea anayempenda. Asichukue pia makala ya Kiingereza akaitia katika mashine ya kutafsiri na kuibandika ilivyo. Makala za namna hiyo zimewachosha wakabidhi, kwa kuwa Kiswahili chake hakisomeki, na nyingi huishia kufutwa.

Nne, makala yako ikipendekezwa kufutwa, usitukane. Ingia barazani, leta ushahidi, eleza kwa upole. Mkabidhi wa mbali hajui Basihaya wala Dovya. Ni wajibu wako kumjulisha.

Tano, wazazi tuwafundishe watoto wetu kuangalia chini ya makala, mahali vyanzo vinapotajwa. Makala isiyo na chanzo isomwe kama habari ya kibarazani: yaweza kuwa kweli, yaweza kuwa si kweli.

Ndugu msomaji, yule mzee wa ngoma ni wa kubuni, lakini katika mtaa wako yuko wa kweli. Labda alichonga mitumbwi, labda alifundisha watu wazima kusoma wakati wa kampeni ya kufuta ujinga, labda alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo katika kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka 1966. Kifutio hakijamfikia, kwa sababu hata kalamu haijamfikia. Wiki hii mwendee na daftari, uandike jina lake kamili, mwaka aliozaliwa na kazi aliyoifanya, kisha utafute nani wa kukichapa ulichokiandika.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.