Mgeni wa Hoteli Naye Apewe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini yupo mgeni mmoja ambaye hata akikaa siku kumi hakuna atakayemkabidhi jembe, naye ni mgeni wa hoteli. Kitanda anatandikiwa, nguo anafuliwa, chakula anakikuta mezani, na akitaka kupanda ghorofani lifti inamngoja. Mwezi huu tunapenda kuzungumza na akina mama wanaosafiri kikazi, kwa sababu raha hii, ikiachwa bila kipimo, inaweza kugeuka kuwa madhara.

Siku hizi mama kusafiri kwa ajili ya semina, warsha au biashara ni jambo la kawaida. Hebu tuifuatilie safari moja. Mama anatoka Mwanza kwa basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000, akiwa amekaa mchana kutwa na magoti yamebanwa. Anafika, anaoga, analala. Asubuhi anaingia ukumbini na kukaa hadi chai ya saa nne. Baada ya chai anakaa tena hadi chakula cha mchana, ambapo kila mtu anajipakulia apendavyo, na jirani yake anamtia moyo kwamba mwili haujengwi kwa matofali. Jioni anarudi chumbani kutazama televisheni. Siku tano zinapita hivyo, kisha basi lile lile linamrudisha nyumbani. Mama huyu, ambaye kwake hubeba ndoo, hupanda mlima kwenda sokoni na hulala wa mwisho, amekaa wiki nzima bila kutoka jasho.

Kwamba kukaa kunadhuru si jambo la kubuni. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja, lakini dereva alikaa kwenye usukani siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ilionekana kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Tofauti ya namna hiyo ilionekana pia kati ya wapeleka barua waliotembea na makarani waliokaa ofisini.

Safari yenyewe nayo ina hatari yake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba safari ya kukaa kwa saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, basi, treni au gari, huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Hatuandiki haya ili kuwatisha, kwani hatari hiyo bado ni ndogo, kiasi cha mtu 1 kati ya 6,000. Lakini mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, anayetumia baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, au mwenye unene mkubwa, anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Basi linaposimama, shuka utembee. Likiwa njiani, kunja na kunyosha vifundo vya miguu mara kwa mara. Na ukifika hotelini ukaona mguu mmoja umevimba, shavu la mguu linauma na ni la moto, usiende kwenye mazoezi wala usiusugue kwa dawa ya kuchua, nenda hospitali. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikiuma, nenda upesi zaidi.

Sasa tuje kwenye chumba cha mazoezi. Hoteli nyingi kubwa za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Kampala na Kigali wanacho, na mara nyingi gharama yake imo ndani ya malipo ya chumba. Ulizia mapokezi. Akina mama wengi hupita mlangoni, wakachungulia mashine na wanaume wenye misuli, wakarudi chumbani. Wanasema, “Hayo ni ya vijana,” au, “Ni mambo ya wazungu.” Tunawauliza, ndoo ya lita 20 ina uzito gani? Ni kilo 20 na zaidi, nanyi mmeibeba kichwani tangu utoto. Vyuma vya kilo 2 au 3 vilivyopangwa pale visiwatishe.

Ukiwa mgeni wa mashine, anza na ile ya kutembelea au baiskeli isiyokwenda. Kwenye mashine ya kutembelea, usikanyage mkanda ukiwa tayari unakimbia. Simama kwanza pembeni, kwenye kingo mbili, iwashe kwa mwendo mdogo kabisa, shika vishikio, ndipo ukanyage. Mashine nyingi zina kamba fupi yenye kibanio. Ibane kwenye nguo yako, ili ukiteleza kamba ichomoke na mashine isimame. Tembea polepole dakika 5, ongeza mwendo kwa dakika 20, kisha punguza tena dakika 5 za mwisho. Usishuke ghafla, kizunguzungu kinaweza kukuangusha. Kipimo cha mwendo ni rahisi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo umefika panapofaa. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

Kuhusu mavazi, suruali pana ya michezo na fulana ndefu vinatosha kabisa kumsitiri mama na kumwacha huru. Kanga au sketi ndefu visivaliwe kwenye mashine, kwa maana vinaweza kunaswa. Raba ni lazima. Anayeona haya kuchanganyika na wanaume aende saa 11:30 alfajiri kama kumefunguliwa, au amwombe mwenzake wa semina wafuatane. Na kama yumo mtu anayekutazama au kukusemesha kwa namna isiyo ya heshima, huna deni la kumvumilia. Ondoka na utoe taarifa mapokezi.

Mwenye presha asishikilie pumzi anapoinua vyuma, maana hilo hupandisha presha ghafla. Atoe pumzi anapoinua na avute anaposhusha. Mwenye kisukari anayetumia sindano za insulini au vidonge vya kushusha sukari akumbuke kwamba mazoezi nayo huishusha, hivyo apime kwanza, na awe na kitu kitamu karibu. Mjamzito, na yeyote mwenye ugonjwa wa moyo, amwone daktari wake kabla ya safari. Na anayetoka pwani kwenda Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, asishangae akihema kuliko kawaida yake. Hewa ya huko ni nyepesi. Siku mbili za mwanzo aende taratibu.

Wapo watakaosema kwamba wao hulala hosteli au nyumba ya wageni ya bei nafuu, na mashine hakuna. Chumba chochote chenye ukuta na kiti kinatosha. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko ukisogeza kifua, kisha jisukume urudi, mara 10. Kaa kwenye kiti kisichoyumba na uinuke bila kushika kitu, mara 10. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu ni vyuma vyako, kila moja ina kilo moja na nusu. Piga hatua pale pale ulipo dakika 5, ukiinua magoti. Tandika kanga sakafuni unyoshe mgongo na miguu. Ukirudia mzunguko huo mara mbili utajua umefanya kazi. Na ngazi zikiwapo, waachie lifti wenye mizigo na wagonjwa.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wao wa mwaka 2020, wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Wanasema pia kwamba kila mjongeo una faida yake, hata ukiwa mfupi. Kwa hiyo dakika 10 kabla ya chai, 10 za kutembea uani baada ya kikao na 10 kabla ya kulala zinahesabika. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini jambo tunalotaka msomaji abaki nalo ni hili. Mama akiwa nyumbani hana nusu saa yake. Akikaa anaitwa, akisimama anatumwa, akilala anaamshwa na mtoto. Kazi za nyumbani zinamchosha, lakini hakuna anayemuuliza kama mwili wake umepata kile unachohitaji au umechakazwa tu. Safari humpa kitu ambacho hajakipata labda kwa miaka: alfajiri ambayo hakuna anayesema, “Mama, sare yangu iko wapi?” Wengi huona haya kuitumia nafasi hiyo kwa ajili yao wenyewe, kana kwamba ni ubinafsi. Si ubinafsi. Presha na kiharusi vikimwangusha mama, nyumba nzima huangukiwa, na watoto wale wale aliowahurumia ndio watakaomuuguza.

Kwa hiyo, mama, safari ijayo unapopanga mabegi, kabla ya nguo za kikao na zawadi za wenyeji, tia raba. Ukifika, uliza chumba cha mazoezi kiko wapi na kinafunguliwa saa ngapi, kama unavyouliza chai ni saa ngapi. Na ukirudi nyumbani, mwambie baba watoto na watoto kwamba ile nusu saa ya alfajiri umekuja nayo, nao waizoee.

Tunawatakia safari njema na afya njema. Hadi mwezi ujao.