Nyumba ya Bi Lena

Katika filamu ya “A Raisin in the Sun”, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1961, hapana mtu anyongwaye wala nyumba inayotiwa moto. Iliyopo ni jamaa moja ya watu weusi wa jiji la Chicago, na hundi ya dola 10,000 inayongojewa kuletwa na posta. Fedha hizo ni bima ya maisha ya marehemu baba wa nyumba, aliyefanya kazi za sulubu mpaka akafa. Jamaa hiyo ya watu watano imebanana katika vyumba vichache. Choo hutumiwa pamoja na majirani. Na mtoto Travis hulala sebuleni juu ya kochi, asipate usingizi mpaka wakubwa wamalize maongezi yao.

Mapema katika filamu, Travis anaomba senti 50 za shule. Mama yake, Ruth, anamwambia hazipo. Baba yake, Walter Lee, anamtolea zote na kuongeza senti 50 nyingine, apate kuonekana baba mwenye uwezo; kisha hana budi kumwomba mkewe nauli ya kwendea kazini. Mke yeyote aliyepata kuendesha nyumba kwa fedha haba ataitambua asubuhi hiyo.

Walter, mchezo ulioigizwa na Sidney Poitier, ni dereva wa tajiri wa Kizungu, na fikira zake zote zimo katika kufungua duka la vileo pamoja na rafiki zake. Dada yake, Beneatha, anataka kusomea udaktari. Ruth hana ila choka. Amepata mimba, na anafikiri kuitoa kwa kuwa hajui mtoto huyo atalazwa wapi. Bi Lena, mama yao, anataka nyumba yenye kipande cha bustani, apate kuutoa juani mmea wake unaonyong’onyea katika kopo dirishani. Kila mmoja ana haki yake, na ndiyo sababu ugomvi wao unauma.

Siku moja Bi Lena anatoka peke yake, anatoa arubuni ya dola 3,500, na kununua nyumba katika mtaa wa Clybourne Park, ambako hakai mtu mweusi hata mmoja. Hakufanya hivyo kwa kutafuta shari. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watu weusi, zilizoko mbali, zilikuwa na bei maradufu. Naye alikwenda palipokuwa na nafuu, kama mnunuzi yeyote mwenye akili.

Hapo ndipo anapobisha hodi Bwana Karl Lindner, mjumbe wa wenyeji wa mtaa huo. Hakuja na rungu. Ni mtu mfupi mwenye haya, mwenye maneno laini, anayeona taabu hata kukaa kitini. Anawaeleza kwamba chuki ya rangi haimo kabisa katika jambo hili, ila watu huishi kwa raha zaidi wakiwa pamoja na wenzao. Na kwamba majirani wamechanga fedha wawalipe zaidi ya bei waliyonunulia, mradi wasihamie. Wachezaji wengi wa filamu wamewahi kuigiza mbaguzi mwenye ukali. John Fiedler aliigiza mbaguzi mwenye adabu, naye ndiye atishaye zaidi.

Jamaa wanamtoa nje. Lakini Bi Lena alikuwa amemkabidhi Walter dola 6,500 zilizobaki, na katika hizo 3,000 ziwekwe benki kwa masomo ya Beneatha. Walter alimpa zote rafiki yake, na rafiki huyo ametoroka nazo. Basi Walter anampigia simu Lindner arudi, auze heshima yao. Bi Lena hamzuii. Anaamuru tu kwamba Travis asitoke chumbani, bali asimame aone baba yake anavyofanya. Mbele ya macho ya mtoto huyo, Walter anashindwa kupokea fedha.

Mwandishi wa kisa hiki, Lorraine Hansberry, aliyezaliwa Chicago mwaka 1930, hakukibuni hewani. Mwaka 1937 baba yake, Carl Hansberry, alinunua nyumba katika mtaa ambao wenyeji wake walikuwa wametia sahihi mkataba wa kutowauzia wala kuwapangishia watu weusi. Kundi la watu lilikusanyika nje. Tofali lilirushwa ndani, likamkosa Lorraine kidogo tu. Na usiku mama yake alikesha na bastola akiwalinda watoto. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1940 Hansberry akashinda, ingawa kwa hoja ya taratibu za mashauri tu. Mikataba yenyewe iliendelea kutumika mpaka mwaka 1948, mahakama hiyo ilipokataza isitekelezwe kwa amri ya korti. Na sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba ilipitishwa mwaka 1968. Lorraine hakuiona. Alifariki mwaka 1965, akiwa na miaka 34.

Kabla ya kuwa filamu, kisa hiki kilikuwa mchezo wa jukwaani, ulioanza New York mwaka 1959 na kuonyeshwa mara 530. Wachezaji wengi wa jukwaani ndio walioingia katika filamu, na huonekana wamezoeana kama watu waliokula sahani moja miaka mingi. Hansberry aliandika pia sehemu za kuonyesha ubaguzi mitaani na madukani, lakini kampuni ya filamu ilizikata. Hasara hiyo inaonekana: kamera haitoki nyumbani ila kwa nadra.

Mwishoni Bi Lena anarudi peke yake katika chumba kitupu kuchukua mmea wake, kisha anafunga mlango. Jinsi walivyopokewa Clybourne Park, filamu haionyeshi.