Kabla hujakubali kupigiwa Windows upya, jaribu CD ya Linux

Leo nabishana na mafundi kidogo, wasinichukie.

Kompyuta yangu ya dukani iligoma. Inawaka, inaleta alama ya Windows, inazima, inaanza tena. Ndani kulikuwa na madeni ya wateja 43 na sina kopi popote (najua, nitukaneni tu). Fundi kaangalia dakika mbili kasema, "Hii tunapiga Windows upya, elfu thelathini, ila vitu vyako vitafutika."

Hapo ndipo sikubaliani. Windows kufa si kwamba mafaili yamekufa. Madeni yangu yalikuwa yamekaa salama kwenye diski, kilichoharibika ni mlango wa kuingilia.

CD ya Linux inaiwasha kompyuta bila kutumia Windows kabisa. Inafanya kazi kwenye RAM, haigusi diski yako mpaka wewe mwenyewe uiamuru. Mimi nilitumia Puppy Linux, ni ya bure na ni ndogo, inaingia kwenye CD ya MB 700. Ubuntu ya siku hizi haiingii kwenye CD, tafuta flashi ya GB 8.

Wengi wanakosea kwenye kuchoma. Ukishadownload lile faili la ISO, usilikopi kwenye CD kama unavyokopi nyimbo, haitawaka. Kwenye kompyuta nzima ya jirani, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya faili, chagua kuchoma picha ya diski. Windows 7 na za baadaye zinayo hiyo. Choma kwa spidi ndogo. Mimi CD ya kwanza niliiharibu kwa haraka zangu.

Kisha weka CD, zima, washa huku unabonyeza F12 (HP nyingi ni F9), chagua CD. Ikifunguka, chomeka flashi, kopi mafaili yako. Ikikuuliza kama unataka ku-install, KATAA, hapo ndipo utafuta kila kitu.

Diski ikiwa imekufa yenyewe, inagonga kokoko, hii haitakusaidia. Na kama imefungwa kwa BitLocker utahitaji ule ufunguo wake.

Mimi nilitoa madeni yote 43, ndo nikamwita fundi apige Windows yake. Elfu thelathini nilimlipa, ila mama wa chapati alipokuja kubisha deni lake nilimfungulia ukurasa akasoma mwenyewe.

Mwenye CD tupu aje dukani nimchomee, bure.