Alusa Avua Shati. Lugha Nayo Je?

Kuna wakati kundi la waimbaji huvunjika kwa ugomvi, na kuna wakati huachana kwa salama, kila mmoja akabeba sehemu yake. Vijana wanne wa Sauti Sol walichagua njia ya pili. Mwezi Mei 2023 walitangaza kwamba wanapumzika kuimba pamoja, na tarehe 4 Novemba mwaka huohuo wakaagana na wapenzi wao pale Uhuru Gardens, Nairobi. Haukupita mwezi, Bien-Aimé Baraza akatoa albamu yake peke yake, akaiita *Alusa Why Are You Topless?*

Jina hilo ni la Kiingereza, na maana yake ni kumuuliza Alusa, ambaye ni yeye mwenyewe, kwa nini yu kifua wazi. Huku kwetu pwani jina kama hilo ni lazima lizue maneno. Ila tusihukumu kwa pupa. Uchi wa mwanamume, kwa kauli ya wanazuoni wengi, ni baina ya kitovu na magoti. Kwa hivyo anayeacha kifua wazi huenda akakosa haya ya barazani, lakini hajavunja mpaka wa sheria. Linalofaa kupimwa ni kile kilichomo ndani ya albamu.

Kwanza tumpe haki yake. Sauti Sol walijulikana kwa kupanga sauti. Watatu kati yao walianza kuimba pamoja walipokuwa wanafunzi wa Upper Hill, bila ala. Mtu aliyezoea kuegemea sauti za wenzake huyumba akiondolewa nguzo. Bien hakuyumba. Ameshika mdundo wa Kinaijeria, ameimba mapenzi ya polepole kama Wamarekani weusi, amechanganya Kiingereza na Sheng ya Nairobi, na akamwalika Ayra Starr wa Nigeria waimbe pamoja. Wapo waliotaraji kusikia Sauti Sol iliyopungua watu watatu. Walichokipata ni mtu anayejaribu kila mlango wa nyumba aone upi unafunguka. Huo ni ushujaa.

Sasa tuje kwenye lugha. Ukiitafuta Kiswahili katika albamu hii utaipata, lakini imewekwa kama bizari katika mchuzi: harufu ipo, chakula chenyewe ni kingine. Haiwezi kusemwa kwamba mtunzi hakijui Kiswahili. Ni sauti hiyohiyo iliyokuwamo katika *Sura Yako*, wimbo uliochezwa harusini toka Lamu mpaka Kigoma. Ni yeye na wenzake walioimba *Nerea* mwaka 2015 pamoja na Amos na Josh, wakamsihi mwanamke asiitoe mimba, kwani riziki ya mtoto ina mwenyewe Mgawaji. Maneno hayo yaliwafikia hata wazee wasiosikiliza nyimbo za vijana, kwa sababu yalisemwa kwa lugha yao, na kwa imani wanayoijua.

Msafiri wa Mombasa kwenda Nairobi hupita mji wa Sultan Hamud, katika Makueni, nchi ya Wakamba. Jina hilo ni letu. Sultan Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu 1896 hata 1902, alikuja kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa, na mahali pale pakabaki na jina lake. Jina la Kizanzibari lilipanda bara kwa gari moshi, likakaa, na leo mtoto wa Kikamba hulitamka bila kuuliza lilitoka wapi. Nalo neno likiwa na chombo cha kulibeba, huenda mbali na hudumu.

Wakamba wenyewe walilijua jambo hili. Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987, angeweza kuimba Kikamba maisha yake yote na asikose wasikilizaji. Lakini alipotaka kusikika nje ya Ukambani, alitwaa Kiswahili, akakitia katika benga, na Kenya nzima ikamsikia. Kwake yeye Kiswahili kilikuwa mlango wa kutokea kwenda kwenye soko kubwa. Kwa kijana wa leo mlango umehama: soko kubwa linaonekana liko Lagos, London na Marekani, na ufunguo wake ni Kiingereza. Bien hakuubuni mkondo huo. Ameukuta, na anauogelea.

Wala sisi watu wa pwani hatuna uso wa kukataza kuazima. Taarabu yetu iliazima Misri. Chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905 ni shahidi. Juma Bhalo wa Mombasa alitwaa mahadhi ya filamu za Kihindi bila kificho. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Lakini tazama walichokifanya: waliazima mahadhi, wakaazima ala, wakaenda hata kwa mashine za wageni, bali shairi likabaki Kiswahili, na mizani na vina vyake. Mhindi alisikia sauti yake, Mswahili akasikia maneno yake.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Anayeazima mahadhi hutajirika. Anayeazima na maneno pia, siku mwenye mali akija kuyadai, hubaki na nini? Wanaijeria wenyewe hawakuuteka ulimwengu kwa kuiga Kiingereza cha watu. Walitia Kiyoruba na Pijini yao, na ulimwengu ukajifunza kuimba asiyoyaelewa.

Albamu hii imethibitisha kwamba Bien ana sauti ya kusimama peke yake na moyo wa kujaribu. Mwenye vipawa hivyo viwili anaweza kukipeleka Kiswahili mahali ambapo watunzi wengi wa beti hatutafika. Shati na avue akipenda, joto la jukwaani ni jingi. Lugha ndiyo nguo tunayomwomba asiivue.