Elimu Lamu: Safari ya miaka 14, mpango wa miaka mitano
Mtoto akiingia chekechea leo Kiunga, ana safari ya miaka 14: miwili ya chekechea, sita ya msingi, sita ya sekondari. Mpango wa maendeleo wa kaunti yetu ni wa miaka mitano, 2023 hadi 2027. Kisha unaandikwa mwengine, pengine na gavana mwengine.

Tena, Katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi. Msingi na sekondari zikabaki Nairobi, na walimu ni wa TSC. Kila mmoja ana kipande chake. Mwenye mtoto mzima hayuko.

Ndugu zangu, tumeyaona Basuba. Skuli zilifungwa 2014 kwa hofu ya Al-Shabaab. Aliyekuwa na miaka minne wakati ule leo ni barobaro. Nani kati yetu anajua aliishia darasa la ngapi?

Mimi naomba lengo moja liandikwe katika mpango ujao: kila anayeingia chekechea, Basuba hadi Hindi, ahesabiwe kila mwaka mpaka amalize, na hesabu hiyo isomwe hadharani. Magavana watabadilika, mtoto ni yule yule.