Cha Asili Nacho Hudhuru: Mafuta ya Kunukia na Ngozi za Familia Zetu



Sifa zote njema ni zake Allah (Subhaanahu Wata'ala), aliyemuumba mwanadamu katika umbile lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, wiki hii ukurasa wetu wa familia unajibu barua ya mama mmoja wa Chiungutwa, wilayani Masasi. Binti yake anatarajiwa kuolewa malipo ya korosho yatakapopatikana, na nyumbani humo humo yumo mjukuu mchanga ambaye hajatimiza siku arobaini. Mchuuzi aliyepita siku ya gulio amemuuzia chupa ndogo ya mafuta ya karafuu na nyingine ya mchaichai, akamhakikishia kuwa ni vitu vya asili visivyo na madhara, kwamba vitaondoa madoa usoni mwa bi harusi na kulainisha ngozi ya mtoto. Mama anauliza mambo matatu: Je, ampake binti yake? Je, ampake mjukuu? Na je, sheria yetu inasemaje kuhusu mafuta hayo?

Tutangulize jibu kabla ya maelezo: mafuta hayo yasipakwe kwenye ngozi yoyote kama yalivyo ndani ya chupa. Mtoto asipakwe kabisa. Bi harusi naye ayaepushe na uso wake.

Yafaa kwanza tuelewe mafuta haya ni kitu gani. Yapo mafuta ya kukamuliwa, kama ya ufuta, nazi, karanga na alizeti, ambayo tumeyajua tangu enzi za bibi zetu. Na yapo mafuta ya kunukia, ambayo hayakamuliwi bali hukenekwa: majani, maua au vijiti vya mmea hupitishiwa mvuke wa maji ya moto, kisha mvuke hupozwa na mafuta hujitenga na maji. Ufundi huo si mgeni katika umma wetu. Mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad, aliyeishi katika karne ya 9, anahusishwa na kitabu kizima kuhusu manukato na ukenekaji. Hapa kwetu, kiwanda cha Wawi, Chake Chake kisiwani Pemba, hukeneka mafuta kutoka katika makonyo ya karafuu, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa.

Sasa tazama hesabu yake. Kilo 100 za makonyo hutoa takriban kilo 5 hadi 7 tu za mafuta. Maana yake ni kwamba nguvu iliyotawanyika katika gunia zima imekusanywa ndani ya chupa chache. Karafuu mbili katika pilau si sawa na tone moja la mafuta yake. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, zaidi ya asilimia 70, ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Kitu chenye uwezo wa kutia ganzi mshipa wa jino hakiwezi kuwa cha kumimina shavuni pasipo kipimo.

Wala watu wa Masasi na Newala hawahitaji profesa wa kuwafundisha kwamba cha asili nacho hudhuru. Mkorosho ni mti wa asili, na korosho yake ni chakula kitamu. Lakini ganda lake lina mafuta makali yanayobabua vidole vya mbanguaji, ndiyo maana wabanguaji wa nyumbani hujipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kazi. Mwembe, ambao ni jamaa wa mkorosho, nao utomvu wake huwasha midomo ya watoto. Mwenyezi Mungu ameweka manufaa na ukali ndani ya mti mmoja, akatupa akili ya kupambanua. Kwa hiyo mchuuzi anapokuambia kwamba kitu ni cha asili, amekujulisha kilikotoka tu, hajakujulisha kitakavyoitenda ngozi yako. Na wahenga walikwisha kusema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tumtazame bi harusi. Mafuta ya karafuu hayaondoi madoa. Yakipakwa makavu husababisha wekundu, muwasho na hata malengelenge. Na ngozi nyeusi, inapoungua au kuvimba, mara nyingi huacha alama nyeusi zaidi ya ile ya mwanzo, na alama hiyo huchukua miezi kufifia. Hivyo binti aliyetaka kuondoa doa moja dogo anaweza kuingia katika siku yake kuu akiwa na mabaka kumi. Hali ni hiyo hiyo kwa ndimu na limau, ambazo akina dada wengi hujisugua usoni: maji na maganda ya matunda hayo yakikutana na jua kali juu ya ngozi huleta kuungua na weusi. Mdalasini ni mkali kuliko yote tuliyoyataja. Mafuta yake yaachwe kabisa.

Je, basi hayana matumizi? Yanayo, kwa masharti. Sharti la kwanza ni kuyachanganya na mafuta ya kukamuliwa, na hapa kusini tumejaaliwa ufuta. Chukua mafuta safi ya ufuta yaliyokamuliwa bila kukaanga mbegu, au mafuta ya nazi, kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15. Ndani yake tia tone 1 tu la mafuta ya karafuu, au matone yasiyozidi 2 ya mchaichai. Usichanganye yote mawili, wala usiongeze kwa sababu harufu ni hafifu. Mchanganyiko huo ni wa mtu mzima, wa mikono, miguu na mgongo. Si wa uso, si wa kwapa wala sehemu za siri, wala si wa ngozi yenye kidonda. Mjamzito aache mpaka apate ushauri wa kliniki.

Sharti la pili ni kujaribu. Paka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, usubiri saa 24. Ukiona wekundu, vipele au muwasho, ngozi yako imekataa, itii. Sharti la tatu ni kuhifadhi: chupa iwe ya kioo cheusi, iwe na jina lake, iwekwe mahali pa baridi, na iwe mbali kabisa na mikono ya watoto.

Ukweli ni kwamba kazi kubwa ya kulainisha ngozi hufanywa na mafuta ya ufuta au nazi yenyewe; hayo ya kunukia huleta harufu tu. Katika miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo mkavu unapopausha ngozi, inatosha kujipaka mafuta ya ufuta mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kwa wenzetu wa uwandani Newala, ambako maji ni ya shida, jambo hili ni nafuu, kwani mafuta kidogo hubakisha unyevu ambao maji machache yameuleta. Mwenye chunusi usoni asipake mafuta ya nazi, kwa kuwa huziba vinyweleo na kuzidisha chunusi. Bi harusi wetu aoshe uso kwa sabuni laini, aache kuusugua, ajikinge na jua kwa mtandio, na avute subira.

Ama mjukuu, jambo lake ni zito zaidi. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na hupitisha vitu kuingia mwilini kwa wepesi kuliko ya mtu mzima. Mafuta ya karafuu yakimezwa na mtoto, hata kidogo, yanaweza kuharibu ini. Mafuta ya mkaratusi na kafuri yanaweza kuleta degedege. Kwa hiyo mtoto aliye chini ya miaka 2 asipakwe mafuta ya kunukia mwilini wala puani, na yasitiwe katika maji yake ya kuoga. Yapo mafuta yaliyo bora kwake. Katika utafiti uliofanyika Dhaka nchini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2005, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi machache kuliko wale ambao hawakupakwa. Mafuta ya alizeti au ya nazi yaliyo safi, yasiyo na harufu ya kuongezwa, yanamtosha mjukuu. Kitovu kiachwe kikavu, kifuatwe kile walichoelekeza wauguzi.

Lipo pia jambo ambalo hakuna mafuta yatakayolitibu, na tunamwomba kila mzazi alizingatie. Ukiona katika mwili wa mmoja wa familia baka lililofifia rangi, nalo halina hisia ukiligusa kwa pamba, usilipake chochote, mpeleke zahanati. Huenda ni ukoma, ugonjwa ambao haujakwisha kabisa nchini mwetu. Hutibika kwa dawa mseto zinazotolewa bure, na anayewahi husalimika na ulemavu. Anayejificha nyuma ya chupa ya mafuta kwa miezi anaweza kupoteza vidole ambavyo vingeokolewa. Na kwa ndugu zetu wenye ualbino, mafuta ya kunukia hayakingi jua hata kidogo. Wao wanahitaji nguo ndefu, kofia pana na mafuta maalumu ya kukinga jua, kama Kilisun yanayotengenezwa KCMC mjini Moshi.

Tuhadhari pia na chupa yenye neno "asili" juu na ahadi ya kung'arisha ngozi ndani. Sheria za nchi zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo wala tarehe ya mwisho wa matumizi haina mtu wa kuulizwa pindi madhara yatakapotokea. Na zaidi ya hayo, rangi aliyotuumbia Allah si doa la kufutwa.

Tumalizie na swali la sheria. Kujipaka mafuta na kujitia manukato ni mambo mema yanayojulikana katika Sunna, na Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nur, imeutaja mzeituni kuwa ni mti uliobarikiwa. Lakini sheria hiyo hiyo imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine; na mtoto asiyeweza kusema "naungua" ana haki kubwa zaidi ya kulindwa. Mafuta ya majimaji hayazuii udhu maadamu maji yanafika kwenye ngozi. Kilichoganda kama nta kiondolewe kwanza. Kwa aliyefunga, kupaka mafuta juu ya ngozi hakubatilishi saumu. Ila tukumbuke kuwa mafuta haya ni manukato: aliye katika ihramu haruhusiwi kuyapaka, na mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi huyaepuka, hata kama nia yake ni kutunza ngozi. Huyo mafuta ya ufuta yasiyo na harufu yanamtosha kulainishia mikono na miguu.

Na iwapo bahati mbaya itatokea, fanya hivi. Yakimwagika kwenye ngozi yakaanza kuchoma, yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, ndipo uoshe kwa sabuni na maji. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi kwa dakika 15 mfululizo, kisha nenda kwa daktari. Mtoto akiyameza, usimtapishe. Mchukue pamoja na chupa yake umkimbize kituo cha afya cha karibu, au Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi.

Kwako mama wa Chiungutwa: zile chupa mbili zifungie kabatini, mahali pa juu. Ufuta ulio nao nyumbani unamtosha bi harusi kwa mwili wake, na mjukuu umpatie mafuta ya nazi au alizeti yasiyo na harufu. Hujapungukiwa na kitu. Tunamwomba Allah aijaalie harusi hiyo kheri na baraka, na amkuze mjukuu katika afya na twaa.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiiq.