Kabla umuite Jenerali China msaliti

Kila Oktoba, Mashujaa Day ikikaribia, lazima kuna msee ataposti ati Jenerali China aliuza Mau Mau. Wasee, hii stori imenichosha. Hebu tuongee vizuri.

Jina lake ni Waruhiu Itote, kijana wa Nyeri. 1942 aliingia King's African Rifles, akapelekwa Burma kupigania mfalme wa Uingereza. Wazungu waliotoka vita hiyo hiyo walitengewa mashamba hapa Kenya. Yeye? Alirudi koplo, akakuta kipande kinamngoja. Jeshi la mkoloni lilimpa ukoplo. Msitu wa Mlima Kenya ndio ulimpa ujenerali.

Januari 1954 alipigwa risasi shingoni, akashikwa. Akahojiwa masaa 68. Akahukumiwa kunyongwa. Ndipo akakubali kuwaandikia wenzake barua waongee na serikali.

Ndiyo, aliongea. Ndiyo, hakunyongwa. Hakuna kitu naficha. Lakini wewe unayemhukumu ukiwa umelala kwa kochi na bando ya mia, ungekuwa na kidonda cha risasi shingoni na kitanzi mbele yako, ungenyamaza? Hayo mazungumzo yenyewe yalivunjika Aprili, vita ikaendelea. Naye akapelekwa Lokitaung, akafungwa na kina Kenyatta. Alitoka 1962. Ni msaliti gani hulipwa kwa miaka nane ndani?

Usaliti mimi nauona kwingine. Baada ya uhuru, huyu mzee alikuwa naibu mkurugenzi wa NYS. Anafundisha vijana kupenda nchi, anapigia bendera saluti. Lakini ile sheria ya mkoloni iliyopiga Mau Mau marufuku haikuguswa. Iliondolewa 2003. China alikufa 1993.

Soma tena hizo tarehe. Jenerali alizikwa kwa nchi huru, na kundi alilolipigania bado ni haramu kisheria. Hapo hakukuwa na mzungu wa kulaumu. Tulikuwa na bunge letu, mawaziri wetu, na wimbo wetu wa taifa.

Kwa hivyo Oktoba hii, mwanasiasa akipanda jukwaani kulilia mashujaa, usimpigie makofi haraka. Muulize: kama mliwapenda hivyo, mbona iliwachukua miaka 40 kufuta karatasi moja? China aliongea akiwa na kitanzi mbele yake. Nyinyi mlinyamaza mkiwa ndani ya magari ya serikali.